Kibao cha Zamu

Kunguru wa mtaa wa Tomegawa, huko Japani, hawajawahi kuwa na adabu, lakini Jumanne ile walivuka mpaka. Walipasua mifuko yote ya taka iliyowekwa kwenye kona, wakatawanya maganda ya mayai, mifupa ya samaki na nepi za wajukuu wa watu mpaka mlangoni kwa kinyozi. Wavu wa kufunikia ulikuwa umekunjwa pembeni, haujaguswa. Ndiyo maana kabla Samjhana hajamaliza kupiga mswaki, kengele ya mlango ililia mara mbili, mlio wa mtu asiyekuja kusalimia.

Alifungua povu likiwa bado mdomoni. Nje alisimama Mzee Onizuka, mwenyekiti wa mtaa na jirani yao wa upande wa kulia, na nyuma yake Mama Eguchi, mke wa kinyozi, aliyekuja kwa sababu jambo halijawahi kutokea Tomegawa yeye akalisikia kwa kusimuliwa. Mzee alikuwa ameshika mfuko uliopasuka kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na koti lake.

"Samahani sana kuwasumbua asubuhi hii," alisema, akainama kidogo.

Alipoanza na samahani, Samjhana akajua mambo yameharibika.

"Huo mfuko si wetu, mzee. Sisi hufunga mafundo mawili."

"Sijaja kwa ajili ya mfuko. Wiki nzima hakuna aliyefunika wavu. Kibao cha zamu kimepotea. Tumeuliza kila nyumba."

"Kwetu hamkuuliza."

"Ndiyo tunauliza."

"Kibao gani?"

Mama Eguchi akapima hewa kwa viganja vyake. "Cha mti, hivi. Kina kamba nyekundu. Cha zamani sana, maandishi yote yamefutika."

Samjhana akameza povu. Kutoka jikoni, sauti ya Nirmaya, mwenzake wa nyumba, ikaja kwa furaha kama ya muuza maandazi: "Dada! Si wanaulizia ile hirizi yetu?"

Kilikuwa huko jikoni, juu ya sufuria ya umeme ya wali, kando ya picha za miungu walizobeba kutoka Nepal. Nirmaya ndiye aliyekikuta kimening'inia kwenye kitasa cha mlango, akaingia nacho akiruka. Majirani wametuletea baraka kutoka hekaluni! Tangu waingie nyumba ile, mlango huo ulikuwa haujatundikwa kitu isipokuwa karatasi za malalamiko. Basi walikifanyia heshima yake: wakakivika shada la maua ya njano, wakakipaka unga mwekundu katikati, na punje za mchele juu yake. Nirmaya alitoka mpaka barabarani akainamia nyumba moja moja kwa shukrani, na watu wakamtazama kupitia mapazia wasimwelewe.

Mzee Onizuka hakuvua viatu. Alisimama ukumbini akisubiri kibao kiletwe. Alilitoa shada taratibu, akaliweka juu ya kabati la viatu. Akachomoa kitambaa cheupe mfukoni, akafuta ule unga mwekundu, akafuta tena mahali palipokuwa pamekwisha safishika. Kisha kitambaa chenyewe akakitumbukiza kwenye mfuko wa taka.

"Mlikuwa mnakiabudu," alisema.

"Tulikuwa tunakiheshimu," alijibu Samjhana.

Mama Eguchi alikohoa, na kile kikohozi kilikuwa na kicheko ndani yake. Mzee aligeuka, akashika njia ya nyuma kuelekea kwa mwenye nyumba.

*

Mwenye nyumba ni Bibi Kuwabara, mjane mwembamba anayeishi nyumba ya nyuma pamoja na redio yake. Alikuja mchana, mikononi bakuli la figili zilizochemshwa. Kwa kawaida huingia ndani, huulizia masomo, hulalamikia harufu ya vitunguu huku akiomba aonjeshwe. Siku hiyo alikaa kizingitini, mgongo nusu kwao.

Yubaraj, binamu yake Samjhana, alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Asubuhi yeye husoma lugha chuo kimoja na hawa dada zake, na usiku hupanga wali kwenye vikasha kiwandani, kwa hiyo usingizi wake ni wa kuokoteza. Nywele zilikuwa zimesimama upande mmoja.

"Wanangu," alianza bibi, "mkataba wenu unaisha mwezi wa tatu. Mwaka huu, nadhani, itakuwa vigumu kidogo."

"Vigumu kidogo ndiyo nini, bibi?"

"Ndiyo tutoke," Samjhana alimjibu binamu yake bila kumwangalia.

Bibi Kuwabara hakukanusha. Alizungusha bakuli mikononi. "Mwenyekiti amesema na mimi vizuri tu. Hakufoka. Lakini mimi naishi peke yangu, mnajua. Nikianguka bafuni, hao ndio watakaokuja kugonga mlango. Nikiwaudhi, nani atagonga?"

"Sisi tutagonga."

"Ninyi mtamaliza masomo, mtakwenda zenu."

Nayo ilikuwa kweli. Nirmaya akapokea bakuli, akanusa, akasema figili zina harufu nzuri, na hakuna aliyemjali.

"Bibi," alisema Samjhana, "hicho kibao. Kazi yake hasa ni nini? Mbona tangu tuje hatujawahi kukiona?"

Bibi Kuwabara alianza kukunja kitambaa alichofunikia bakuli. Alikikunja mpaka kikawa kama sanduku la kiberiti. "Kinazunguka. Kila nyumba ina wiki yake. Unafunika wavu asubuhi, gari la taka likishapita unafagia na kukunja. Jumapili unakitundika mlango unaofuata."

"Na mlango wetu?"

"Mama Hirano wa hapo kushoto alikuwa anauruka. Anakipeleka moja kwa moja kwa Onizuka. Ilikubaliwa hivyo. Walisema ninyi mna masomo, mna vibarua, mtasumbuka."

"Kwa hiyo walituhurumia."

"Eee."

"Na sasa tunafukuzwa kwa kutofanya kazi ambayo walituhurumia tusiifanye."

Bibi alikunja kitambaa kikagoma kukunjika zaidi.

"Sasa safari hii kilitufikiaje?" aliuliza Nirmaya.

"Mama Hirano yuko hospitali, amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Zamu ikamalizwa na mumewe. Nadhani yeye hakuambiwa."

Nirmaya alicheka mpaka akakaa chini. Alimwona kabisa yule Mzee Hirano na kofia yake ya sufi, anatembea hatua zake za pole, anaona mlango, anatundika, anarudi zake kuangalia mieleka kwenye televisheni. Yubaraj hakucheka. Bibi alipokwisha kuondoka alianza kuhesabu vitu vya kubeba: majiko, magodoro, meza.

"Tutafute nyumba nyingine, dada. Ugomvi na mwenyekiti wa mtaa hauna mshindi."

"Nyingine ipi? Umemsahau yule dalali? Alisoma majina yetu, akasema nyumba imeshachukuliwa, na tangazo likabaki dirishani kwake mpaka likapauka."

"Basi tumwombe radhi mzee."

"Nimwombe radhi kwa kuwa mlango wangu uko barabarani?" Samjhana alichukua figili moja kwa vidole, akaila nzima. "Ukipenda kufunga mizigo, funga. Bila anwani hata kibali cha kukaa nchi hii kinayumba, na mimi sikuja huku kuyumba. Sihami."

*

Jumapili kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa mtaa. Samjhana hakualikwa, wala hakuhitaji kualikwa ili ajue saa. Mama Eguchi alikuwa ameitangaza barabara nzima. Samjhana alivaa sweta lake la mitihani. Nirmaya alimfuata, kwa sababu Nirmaya hajawahi kukubali watu wakusanyike mahali bila yeye.

Mlangoni zilipangwa ndara za kuvaa ndani, kila nyumba na zake. Za kwao hazikuwepo. Waliingia na soksi, na soksi ya Nirmaya ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kilitokeza kuja kuona mkutano.

Mzee Onizuka alikuwa akizungumzia kunguru. Alikatiza, akawageukia.

"Samahani. Huu ni mkutano wa nyumba za mtaa."

"Ndiyo maana tumekuja, mzee," alisema Samjhana, akakaa mkekani. Magoti yaliuma tangu mwanzo, lakini alikaa kama walivyokaa wao.

Watu walitazama chai zao. Mwenyekiti akaeleza, kwa lugha iliyopigwa pasi vizuri, kwamba hakuna anayewachukia wanafunzi. Kwamba mila ni tofauti. Kwamba kibao cha zamu kilikutwa katika hali ambayo asingependa kuieleza mbele ya akina mama. Na kwamba Bibi Kuwabara, kwa hekima yake, ameamua asiongeze mkataba. Bibi Kuwabara alikuwa amekaa karibu na jiko la mafuta, kichwa chini.

"Naomba kusema," alisema Samjhana.

Hakuna aliyemruhusu, hakuna aliyemkataza. Akasema.

"Tulikosea. Tulikipaka rangi kitu cha kazi tukidhani ni zawadi. Mtu anayeletewa kibao mwaka hadi mwaka hawezi kukosea hivyo. Anayekosea ni yule asiyewahi kuletewa. Mmekuwa mkituruka. Sisi tunatoa taka kama ninyi, kunguru wanatupasulia kama ninyi, na gari la taka linatuchukulia kama ninyi. Sikuja kuomba msamaha, mzee. Nimekuja kuomba kibao. Tupeni wiki yetu. Tukiharibu, tufokeeni kama mnavyofokeana wenyewe."

Lugha yake haikupigwa pasi. Mahali pawili alikosea adabu ya maneno, akajijua, akaendelea.

Ndipo Mzee Hirano alipoinuka, kofia ya sufi kichwani. "Kilitundikwa na mimi," alisema. "Mke wangu hakuniambia kuna nyumba ya kurukwa. Niliona mlango, nikatundika."

"Hukuwa unajua, Bwana Hirano," alisema mwenyekiti kwa upole. "Si kosa lako."

"Sasa najua. Na bado naona mlango."

Akakaa. Mama Eguchi alikohoa kile kikohozi chake.

"Ombi la binti huyu," alisema Mzee Onizuka, "tutalitafakari."

Tomegawa, jambo likishatafakariwa limeshazikwa. Samjhana aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, kama inavyotakiwa, na alipoinuka alisema, "Tafakarini vizuri, mzee. Sisi wakati huo tutakuwa tunafagia."

*

Na walifagia. Samjhana alinunua ufagio wa fito na koleo la plastiki, na kila siku ya taka alikuwa pale konani kabla mvuke wa maji moto haujaisha kwenye mitaro, anatandaza wavu, anaubana pembe kwa mawe. Yubaraj akitoka kiwandani, macho mekundu, alimkuta, akasonya, akachukua koleo. Wiki ya kwanza alifanya hivyo kwa kumwonea haya dada yake. Wiki ya pili alikuwa akigombana na kunguru kwa majina aliyowapa mwenyewe.

Walikuwepo waliokwenda kuweka taka kona ya mtaa wa pili, mwendo wote ule na baridi ile, ili wasiguse wavu ulioguswa. Mwanamke mmoja mwenye mbwa mdogo aliyevalishwa koti alipita akasema kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi hata wafagiaji tunaagiza nje."

"Tena tumekuja wenyewe, mama, hata nauli hamjalipa!" Samjhana alimpigia kelele, na mbwa akabweka.

Mama Eguchi zamu yake ilipofika alikuja na kibao shingoni mwa ufagio wake, akakuta pamesafishwa, akashika kiuno.

"Wewe binti unaniharibia zamu. Watu watasema mimi mvivu."

"Basi fagia upande ule, mama. Mimi huu."

Alisimama akifikiri. Akafagia upande ule. Kabla gari la taka halijafika alikuwa ameshauliza kama kweli Yubaraj ana mchumba, kama kweli kwao ng'ombe wanapita katikati ya barabara, na kama ule unga mwekundu unapatikana rangi nyingine. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa na majibu, na mengine Samjhana hakuyatoa.

Mwenyekiti alipitia kwa Bibi Kuwabara mwezi wa pili ulipokaribia kwisha. Nirmaya alikuwa akianika nguo upande wa uzio, na nguo zilichukua muda mrefu sana kuanikwa.

"Umewaambia kuhusu mkataba, bibi?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamekataa."

"Wamekataa? Hao ni wapangaji. Waambie tena."

"Nimechoka kusema. Mimi mzee. Waambie wewe, wako hapo nje, wanafagia mbele ya nyumba yako."

Nirmaya akang'ata kibanio cha nguo.

"Bibi Kuwabara," sauti ya mwenyekiti ikashuka, "mtaa umekuangalia tangu marehemu atutoke."

"Umeniangalia, nashukuru. Juzi niliteleza hapa na ndoo. Nani alikuja kugonga? Yule kijana mwenye nywele za kusimama. Ninyi wote mlikuwa mmelala. Sijaamua bado. Nasema tu nani aligonga."

Nirmaya alipowasimulia, Yubaraj aliona haya, akajifanya anatafuta chaja. Lakini maboksi aliyokuwa ameyakusanya kutoka kiwandani yaliendelea kukaa ukumbini, yamekunjwa, yanasubiri. Sijaamua bado si mkataba.

*

Mwezi wa tatu ukaingia, na kibao, kikizunguka mlango kwa mlango, kikafika kwa Mzee Hirano. Mkewe alikuwa amesharudi kutoka hospitali, anatembea kwa fimbo, na amri za nyumba ile zilikuwa zimerudi mikononi mwake. Jumapili ikifika, kibao kitatoka pale. Ama kitatundikwa kwa wanafunzi, ama kitapita mbele ya lango lao kwenda kwa Onizuka kama zamani, na kikipita, kila mtu atajua mtaa umesema nini, na Bibi Kuwabara atajua kama aupige muhuri mkataba mpya au la.

Jumapili hiyo ni ajabu jinsi watu wa Tomegawa walivyokuwa na kazi nje. Kinyozi alifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mama Eguchi alimwagilia maua yaliyokwishalowa mvua. Mzee Onizuka alikuwa kizingitini kwake, anapunguza matawi ya mti mdogo kwenye chungu.

Nirmaya alikuwa nyuma ya pazia, ananong'ona kama mtangazaji wa mpira redioni. "Anafungua mlango. Anatoka, kibao kiko mkononi. Fimbo mkono wa kulia. Anatembea. Anasimama... hapana, anapumua tu. Anatembea tena. Yuko langoni. Dada, yuko langoni! Anaangalia kwa Onizuka..."

"Nyamaza," alisema Samjhana. Alikuwa amesimama katikati ya chumba. Yubaraj alikuwa amekalia maboksi yake.

Kitasa kikagongwa na kitu cha mti.

Samjhana alifungua. Mama Hirano alikuwa anahema, uso mwekundu kwa baridi na hasira.

"Msidhani ni mapenzi," alisema. "Nyonga inaniuma, na mlango wenu uko karibu."

"Asante, mama."

"Na msikivalishe maua."

"Hatukivalishi."

Mzee Onizuka aliweka mkasi chini. "Mama Hirano! Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa na miguu miwili!" alijibu bila kugeuka, na akaanza safari yake ya kurudi. Barabara nzima ilimsikia. Kinyozi aliacha kioo. Mama Eguchi alimwagilia viatu vyake mwenyewe.

Mwenyekiti alivuka mpaka langoni, uso umekauka. "Kibao kukaa hapa wiki hii hakubadilishi kitu. Mwisho wa mwezi nyumba hii itakuwa tupu. Bibi Kuwabara anajua."

"Bibi Kuwabara yuko hapa," ilisema sauti kutoka njia ya nyuma. Alikuwa na aproni, mikono imelowa, amekuja mbio kadiri ya miaka yake. "Na nyumba hii ni yangu. Mkataba nimeupiga muhuri leo asubuhi, miaka miwili. Nilitaka kuwaletea na chakula, lakini chakula hakijaiva."

"Bibi, utafikiria upya."

"Sitafakari tena," alisema Bibi Kuwabara. "Nimetafakari majira yote ya baridi. Kichwa kinauma."

Yubaraj aliinuka kutoka kwenye maboksi. Alimsukuma Nirmaya apishe, akatoka nje bila viatu, akampokea bibi mkono ili asiteleze kwenye ngazi.

*

Walishika zamu yao. Hakuna mfuko uliopasuliwa wiki ile. Kunguru walikaa kwenye waya wakitukana. Wenye kupeleka taka mtaa wa pili waliendelea kupeleka, isipokuwa mmoja aliyechoka na baridi. Yule mwanamke wa mbwa aliweka mfuko wake bila salamu, na Samjhana akaufunika bila salamu.

Jumapili iliyofuata alichukua kibao akaenda nacho kwa Mzee Onizuka, nyumba inayofuata. Desturi ni kutundika na kuondoka kimya kimya. Samjhana alibonyeza kengele.

Ilichukua muda. Mzee alifungua akiwa na miwani ya kusomea, gazeti chini ya kwapa.

"Kitundike tu hapo," alisema.

"Zamu yako, mzee," alisema Samjhana, na akakishika mbele yake kwa mikono miwili, kama kinavyopewa kitu mtu wa heshima.

Nyuma yake barabara ilikuwa imeacha kupumua. Mzee Onizuka alikiangalia kibao, akamwangalia binti, akanyoosha mkono mmoja akakishika.

Samjhana hakukiachia.

Walisimama hivyo, kila mmoja ameshika upande wake. Gazeti lilianza kuteleza kwapani. Mzee alivuta kidogo, kibao hakikwenda. Binti hakukasirika wala hakutabasamu. Alikuwa na muda, chuo hakikuwepo Jumapili.

Gazeti likaanguka. Mzee Onizuka akaleta mkono wa pili.

Hapo ndipo alipomwachia.